Kifo Tulichomzulia Bibi

Kwenye kile kiwanda cha kahawa nje kidogo ya Kemondo tulikuwa tukikohoa kwa kupokezana, mmoja akimaliza mwingine anaanza, na msimamizi alikuwa ametuzoea kiasi kwamba tukiwa kimya alikuja kuchungulia kuna nini. Mashine ilikoboa maganda, vumbi likapanda mpaka kwenye mabati, kisha likatushukia sisi wanawake tuliokaa sakafuni juu ya magunia matupu tukichambua buni: nyeusi huku, chenga huku, kokoto huku. Jioni nikipenga kamasi ilitoka na rangi ya udongo. Mwanangu alikuwa akininusa shingoni na kusema nanuka kiwanda, nami nilimkaripia, kisha nikaenda kuoga tena.

Tulilipwa kwa gunia. Gunia likionekana na punje mbaya linamwagwa lote sakafuni unaanza upya, na mwenye kuamua punje ipi ni mbaya ni msimamizi peke yake. Lori lisipokuja hakuna kazi wala malipo, lakini ni lazima uwe getini tangu asubuhi, maana ukikosekana nafasi yako inapewa mwingine. Mkataba hatukuwa nao. Ukiuliza unaambiwa wewe ni kibarua, kana kwamba kibarua ni aina ya mnyama. Mimi nina mdomo, nimeambiwa hivyo tangu nikiwa binti kule Buganguzi, na hata mimi pale nilikuwa nauliza kwa sauti ya chini.

Kilichotuamsha ni mwenzetu mmoja mwenye watoto wadogo, aliyeanguka juu ya kahawa huku akikohoa damu. Walimpakia kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Kabla ya saa ya chakula mahali pake palikuwa pameshakaliwa na mwanamke mwingine, naye alikuwa akichambua kahawa ile ile, ameisukuma tu pembeni ile iliyolowa. Sikuweza kula siku ile. Nilikuwa nimeogopa, na sikuogopa ugonjwa. Niliogopa jinsi pale mahali palivyojaa upesi.

Kati yetu alikuwepo mmoja tuliyemwita dada mkubwa, mjane, mtu wa Ijumbi, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kusahau. Ndiye aliyekishika chama chetu cha kuzikana. Mmoja akifiwa, wote tunachanga na wote tunakwenda, na hata tajiri mwenye kiwanda hakuwahi kuthubutu kutukatalia, kwa sababu kwa kina sisi mtu anayewazuia watu kwenda msibani anajitafutia makubwa. Tulikuwa hatuna chama kingine. Katika kile chama cha kulilia wafu ndimo tulimoanza, kwa kunong'onezana, kuzungumza mambo ya kuishi.

Dada mkubwa alikwenda Bukoba siku moja ambayo lori halikuja, akamwona afisa kazi. Akarudi na jibu. Yule afisa alimsikiliza vizuri, akamwambia mtu mmoja akija peke yake, tajiri atasema ni mchochezi mwenye chuki zake, na kesi itamfia mkononi. Njooni wenyewe, alisema, kila mmoja aseme kwa kinywa chake na aweke sahihi. Lilikuwa jibu la haki. Lakini ofisi hufunguliwa saa za kazi, na sisi saa za kazi tulikuwa sakafuni, na geti lilikuwa na kufuli.

Jioni tulikuwa tukipitia ziwani kunawa vumbi, na huko ndiko tulikoamua. Tungetoka kwa msiba. Mmoja akamtoa shangazi yake wa Karagwe, tukamcheka, shangazi wa Karagwe ni ruhusa ya watu wawili! Ili chama kizima kiachiwe ni lazima afe mzazi wa mwanachama. Basi watu wakazidi kusugua mikono iliyokwisha takata. Nani angetoa mzazi wake? Wengi hawakuwa na mzazi wa kutoa, na waliokuwa naye walitazama maji. Dada mkubwa akasema, "Basi ni mama yangu."

Hakutaka kufanya kwa siri. Jumapili baada ya misa tulifuatana naye hadi Ijumbi, mimi na yeye, tukamkuta bibi, mama yake, kwenye ua wa nyuma akimenya ndizi, kibibi kidogo kikavu chenye mikono ya nguvu. Dada mkubwa alimweleza yote kwa Kihaya, amepiga magoti. Bibi alicheka mpaka kisu kikamtoka. "Niueni tu," akasema, "ila mniue vizuri. Msije mkasema nimekufa kwa kuhara."

Tukacheka sote. Kisha akaokota kisu, akamenya ndizi moja, ya pili, na bila kuinua uso akauliza, "Na mimi siku hiyo nikae wapi?"

Nakwambia hatukuwa tumeliwaza hilo. Dada mkubwa alisema, "Ndani tu, mama. Ni siku moja."

"Ndani ndiko wanakolazwa maiti," bibi akasema. Kisha akatupakulia ndizi zake, tukala tukashiba.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukuliwaza, na hili ndilo lililotumaliza. Tajiri hakuwahi kukanyaga msiba wa wachambuaji. Alikuwa akimtuma msimamizi na bahasha ya rambirambi, basi. Lakini ule ulikuwa msimu wa kura za maoni, na yeye alikuwa ametia nia ya ubunge upande wa kwao Muleba, na Ijumbi iko Muleba. Mnawajua watia nia. Hakuna maiti inayowapita. Wanafika kabla ya ndugu, wanalia kuliko wafiwa, wanataka kushika jeneza upande wa mbele ambako kila mtu anaona. Tulimsikia kwenye redio za jirani na tulimwona kwenye mabango, na bado tulipopanga tulimpanga kama tajiri tu. Ungedhani ni watu wawili.

Asubuhi tuliyoipanga dada mkubwa alikuja getini amejifunga kanga kiunoni. Alilia. Nilidhani anaigiza, nikamsogelea nimpe moyo, nikakuta machozi ni ya kweli. Msimamizi alivua kofia yake akatufungulia geti. Wenzangu walipanda gari la Bukoba pamoja naye. Mimi na wenzangu wawili tulikwenda Ijumbi, tuwashe moto uani na kutandaza mlangoni nyasi kidogo za waombolezaji kukalia, ili mtu wa kiwandani akija kupeleleza aone dalili za msiba. Majirani wakiuliza tungesema tunachemsha ndizi za wageni.

Tuliwasha moto. Bibi alikaa ndani karibu na dirisha akinung'unika kwamba tunaunguza kuni zake. Kulikuwa na ukungu uliochelewa kuondoka, migomba imesimama kimya, na kutoka kila upande tulisikia majembe ya majirani yakipiga udongo. Ulikuwa wakati wa kupanda maharage. Nakumbuka nilijisikia vizuri, nikafikiri sasa hivi wenzangu wameshafika, wamekaa kwenye benchi.

Ndipo tukasikia magari. Nani anakuja Ijumbi na magari asubuhi? Likatangulia moja jeupe, refu, na nyuma yake pikapu. Kwenye pikapu vijana wamekaa pembeni wakishikilia kitu kirefu kilichofunikwa turubai, na gari lilipodunda kwenye jiwe turubai likateleza. Lilikuwa jeneza, limepakwa vanishi, linang'aa.

Mwanamke wa kibanja cha pili, shamba la migomba linalopakana na la bibi, ndiye aliyeliona kwanza. Aliachia kwa Kihaya kilio cha kumwita mama, ambacho bado nakisikia. "Mawe! Mawe nyowe!" Na majembe yakanyamaza. Yalinyamaza karibu kwanza, halafu mbali, halafu mbali zaidi, kwa sababu kwetu kilio kikipigwa hakuna anayelima mpaka aliyekufa azikwe, hata kama mbegu ziko mkononi na mvua inakuja. Anayelima wakati maiti imelala ndani hutazamwa kama mchawi. Wakaanza kuja kupitia migombani, wanawake wanajifunga kanga huku wanakimbia, wanaume na kuni begani.

Niliingia ndani mbio. "Bibi, lala," nikamwambia. Alinitazama kwa muda kama anataka kunipiga, kisha akalala kitandani, akanyoosha miguu mwenyewe, na mimi nikamfunika shuka jeupe mpaka usoni. "Usipumue sana," nikasema, na kutoka chini ya shuka akajibu, "Nenda huko."

Tajiri aliingia na kofia mkononi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na upole ule ulikuwa wa kweli, ndiyo maana ulitisha. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda akainamisha kichwa. Sisi watatu tulisimama ukutani. Alisali Baba Yetu mpaka mwisho, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye shuka. Shuka lilikuwa likipanda na kushuka. Lilipanda kidogo sana, lakini mtu aliyekaa karibu namna ile asingekosa kuliona, na yeye hakulikosa. Alimaliza sala, akafanya ishara ya msalaba, akakaa akilitazama. Kisha akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu wa mtu anayekagua gunia.

"Mfiwa yuko wapi?" akauliza.

Akauliza tena, "Na wenzenu? Chama kizima nimekiruhusu."

Alitoka nje. Ua ulikuwa umeshajaa. Nilidhani atapiga kelele, atatuumbua hapo hapo, na kwa kweli nilitamani afanye hivyo. Badala yake alisimama mbele ya moto akawapa watu pole. Akasema mama huyu ni mama wa mfanyakazi wake, kwa hiyo ni mama yake. Akasema gharama zote ni juu yake. "Na tutazika kesho," akamalizia, "saa nane mchana, na mimi nitakuwepo." Watu walipiga magoti kumshukuru. Wanaume wawili waliondoka pale pale kwenda kuchagua mahali pa kaburi kibanjani.

Aliniita nyuma ya nyumba, chini ya dirisha. "Mpigie mwenzako," akasema. "Najua alishakwenda kwa afisa kazi mara moja. Wakiwa hawajaingia kwake leo, warudi. Mimi nitawaambia watu daktari alikosea, Mungu ni mkubwa, na yataisha. Wakiingia, sawa, ni haki yao. Ila kesho saa nane nitakuwa hapa na kijiji chote. Tuone mtazika nini, na binti yake atakaa wapi baada ya hapo."

Hakuinua sauti hata kidogo. Nilipiga simu. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na bado nilipiga, kwa sababu nilijua anachosema: mwanamke aliyemzushia mama yake kifo, akawatoa watu mashambani na kuchimbisha kaburi, hana kijiji tena. Dada mkubwa alipokea haraka. Nikasikia sauti za wenzangu nyuma yake, mtu anakohoa. "Ndiyo kwanza tunaitwa," akasema. "Kuna nini huko?"

Nilifungua mdomo, mdomo huu wangu unaosifiwa, na haukutoa kitu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Bibi alikuwa ameyasikia yote dirishani. Alitupita mimi na tajiri kana kwamba ni nguzo, akazunguka nyumba, shuka bado liko mabegani, akatokea mbele ya watu. Sitaki kuieleza sana sauti waliyoitoa. Chungu kilipinduka motoni, mtu akaanguka, wengine walikimbilia migombani na kusimama humo wakichungulia. Bibi alimngoja tajiri afike, akapiga magoti kwa taabu, akamsalimia kama mgeni anavyosalimiwa, "Nyegera waitu." Kisha akasema kwa sauti kubwa kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema amekufa. Binti yake alidanganywa tu. Alitaka kujua nani atamlilia.

"Nimewaona," akasema. "Asanteni."

Nikaishika simu vizuri. "Ingieni," nikamwambia dada mkubwa, na nikakata.

Nilidhani watu watacheka. Mzaha mzito, sawa, lakini mtu mzima yuko hai, mnamkumbatia mnakunywa pombe ya lubisi mnarudi nyumbani. Hakuna aliyecheka. Mwanaume mmoja aliokota kuni zake alizozileta, zile zile, akazitenga na nyingine kwa uangalifu, akaondoka nazo. Yule jirani aliyepiga kilio alikuwa ameketi chini, amejishika tumbo, anamtazama bibi kwa woga. Wazee wa ukoo walijitenga pembeni wakazungumza kwa muda mrefu. Waliporudi walisema kilio kimepigwa, jeneza limeingia uani, kaburi limeanza kuchimbwa. Haviwezi kurudi vitupu. Ni lazima kitu kiingie ardhini mahali pa huyu mama.

Kwa hiyo kesho yake tulizika mgomba. Walikata shina lenye urefu wa bibi, wakalipimia kwake hapo hapo akiwa amesimama, wakalifunga kwa sanda na kulilaza kwenye lile jeneza linalong'aa. Tajiri alikuja saa nane kama alivyoahidi. Alishika upande wa mbele. Dada mkubwa alikuwa amerudi, sahihi za wenzangu zimeshaandikwa Bukoba, amekaa kwenye nyasi bila kuinua uso, na mama yake kando yake akiangalia udongo unavyotupwa. Mara moja tu bibi alisema kitu. Alisema shimo halina kina cha kutosha.

Mashitaka yetu yalikubaliwa. Afisa alikuja kiwandani, akakaa sakafuni na sisi, akakohoa. Tajiri hakupinga, alikuwa na kura za kutafuta. Tulipata mikataba, tukapata barakoa, tukapata malipo ya siku ambazo lori halikuja. Mama yule aliyekohoa damu alilipiwa matibabu. Nilipoweka sahihi yangu kwenye mkataba nililia kwa furaha, na sitaki mtu aniambie haikuwa furaha. Tulikuwa tumeshinda. Tatizo ni kwamba kila nilipotaka kufurahi mbele ya dada mkubwa, alikuwa akiangalia pengine.

Kule Ijumbi majirani waliacha kumpitia bibi. Hawakumtukana. Waliacha tu kuomba moto kwake, wakaacha kupokea punje za kahawa za kutafuna kutoka mkononi mwake, na watoto walizunguka mbali ili wasipite mbele ya nyumba. Alikuwa ameshazikwa, walikuwa wamemlilia. Aliishi hivyo msimu mzima wa mavuno na mwingine. Siku moja nilimkuta anapalilia juu ya kile kikaburi, akaniambia udongo wa pale umekuwa mzuri.

Mvua za vuli zilipoanza, simu ikaja kiwandani kwamba bibi hakuamka. Mkataba wetu ulikuwa na kifungu cha msiba, tulikidai sisi wenyewe: ukifiwa na mzazi unapewa siku zako, kwa barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alimjibu dada mkubwa kwa simu kwamba yeye alishasimama kwenye kaburi la mama huyo na hawezi kumwandikia mtu kifo mara mbili. Msimamizi naye alisoma kifungu, akakisoma tena, hata yeye nilimwona hapendi. "Bila barua ni utoro," akasema. Dada mkubwa alivua barakoa, akaiweka juu ya gunia, akatoka. Hakurudi tena pale kazini. Baadhi yetu tulimfuata.

Tulipokaribia nyumbani kwa bibi tukasikia majembe. Mama amelala ndani, na kushoto, kulia, bondeni, watu wanalima. Dada mkubwa alisimama njiani akasikiliza, na uso wake siwezi kuuelezea. Kisha akaenda hadi kwenye mpaka wa kibanja cha yule jirani. "Mama amefariki," akasema.

Jirani aliegemea jembe lake. Hakuwa mtu mbaya, ndiye aliyepiga kilio wa kwanza siku ile. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kweli?"

Dada mkubwa alimshika mkono, akamwingiza ndani. Halafu kilio kikatoka, na majembe yakaanza kuacha moja moja. Walikuja wote, hilo nitawasifu nalo. Walipanga mstari mlangoni. Dada mkubwa alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameinua shuka kwa mkono mmoja, anamfunulia kila anayeingia, na kila anayeingia alimgusa mama yake mguu kwanza, akaushika, akangoja mpaka aamini umepoa, ndipo akalia.

Zamu yangu ilipofika, nami niliushika.